Kinyozi Aliyetaka Sura Yake Bangoni

Mabango ya taa nyekundu yanayotembeza maneno juu ya milango ya maduka, Kariakoo ya Dar es Salaam kama River Road ya Nairobi, mengi ni ya ukoo mmoja. Mafundi wanayaita P10, kwa sababu kutoka taa moja hadi jirani yake ni milimita 10. Kipande kimoja kina upana wa sentimita 32 na kimo cha sentimita 16, na ndani yake zimepangwa taa 32 kwa 16, jumla 512. Kila taa inajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzimika. Ukitaka kuandika DAWA ZA JUMLA NA REJAREJA, taa hizo zinatosha na chenji inabaki. Ukitaka kuweka uso wa mtu, hapo ndipo vituko vinapoanza.

Kinyozi mmoja wa Dar es Salaam aliutaka uso. Alishanunua vipande viwili vikaunganishwa ubavu kwa ubavu, jina la saluni likawa linapita vizuri usiku na mchana, lakini moyo haukutulia. Saluni ya jirani nayo ilikuwa na maneno yanayopita. Akamtumia fundi picha yake ya Idd kwa WhatsApp: shati jeupe, ukuta mweupe, tabasamu la meno yote. Nyuma ya picha ikafuata sauti: "Fundi, niweke na sura pale mwishoni, wateja wamjue mwenye ofisi." Fundi huyo hajawahi kukataa kazi iliyolipiwa nusu. Akajibu maneno mawili ambayo yamewaponza mafundi wengi kuliko umeme wenyewe: "Hamna shida."

Shida ilikuwepo, na ni ya hesabu. Kwenye simu ya kawaida, kila nukta ya picha, au pikseli, huandikwa kwa biti 24: nane za nyekundu, nane za kijani, nane za bluu. Biti nane zinatoa ngazi 256, na 256 ikizidishwa kwa 256, kisha kwa 256 tena, inaleta rangi 16,777,216. Hicho ndicho kinachoitwa kina cha rangi. Bango la kinyozi lina biti moja kwa kila nukta. Maana yake, kutoka kwenye rangi zaidi ya milioni 16, fundi anatakiwa abaki na mbili, na mojawapo ya hizo mbili ni giza.

Programu aliyotumia ilifanya kazi hiyo kwa swali moja. Iliipitia picha nukta kwa nukta na kuuliza: mwangaza wako umefika nusu au haujafika? Kuanzia 128 kwenda juu, washa. Chini ya hapo, zima. Kinyozi ni mweusi tii, na picha ilipigwa jua likiwa mgongoni. Ukuta ulivuka nusu, shati likavuka nusu, uso mzima ukabaki chini. Bango lilipowashwa jioni ile, pale mwishoni palitokea mraba mwekundu unaong'aa, na katikati yake tundu lenye umbo la kichwa. Ndani ya tundu zilikuwa zinawaka taa mbili. Yalikuwa meno.

"Fundi, mimi ni yupi hapo?"

"Bosi, wewe ni hapo pasipowaka."

Yeyote aliyewahi kupeleka fotokopi ya kitambulisho ofisini anaijua hali hii, ila huenda hakuijua kwa jina lake. Mashine nyingi za fotokopi za pembeni mwa barabara zinafanya kazi kama lile bango la kinyozi: penye mwanga karatasi, penye giza wino. Namba ya kitambulisho inatoka safi, tarehe ya kuzaliwa inatoka safi, saini inatoka safi, na pale kwenye picha linatoka doa jeusi lenye kola. Ofisa analitazama doa, anamtazama mwenye doa, anarudi kwenye doa. "Ni wewe huyu?" Mtu mzima mwenye akili zake anajikuta anaapa kwamba doa lile ni yeye.

Kanuni ya nusu haina chuki na mtu. Ni tarakimu. Lakini tarakimu hiyo inafanya kazi vizuri pale tu uso unapoangukia upande wa mwanga, na aliyeichagua hakuwa na sababu ya kufikiria uso mwingine. Biashara ya picha ina historia ndefu ya namna hiyo. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha Amerika Kaskazini zilipima rangi zake kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, na kadi zote zikaitwa Shirley. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Canada, aliyeandika kuhusu kadi hizo mwaka 2009, alieleza kwamba msukumo mmojawapo wa kuboresha filamu kwenye rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Hawakuridhika na namna mbao zao na peremende zao zilivyokuwa zinatoka pichani. Nyuso zilikuwa zimelalamika tangu zamani, lakini meza na chokoleti ndizo zilizosikilizwa.

Fundi, kwa sifa yake, hakukata tamaa. Alishusha mpaka wa nusu hadi uso ukaanza kuonekana, ila sasa uso wote uliwaka kwa mkupuo, pua na mdomo na macho vikamezwa. Akapandisha kidogo. Likarudi tundu. Hapo akakumbuka kitufe kingine kwenye programu, chenye majina mawili ya Kizungu ambayo hakuwahi kujiuliza ni ya nani.

Ni ya Robert Floyd na Louis Steinberg, wataalamu wa kompyuta wa Marekani, waliochapisha njia yao mwaka 1976. Njia hiyo inaendeshwa kama deni la mtaani. Chukua nukta yenye mwangaza wa 100. Kwenye bango lisilo na rangi za kati, nukta hiyo inaweza kuwa 0 au 255, basi. Iliyo karibu zaidi ni 0, kwa hiyo inazimwa. Lakini ile 100 haitupwi, inaandikwa kuwa deni. Deni linakatwa mafungu 16: saba anabebeshwa jirani wa kulia, matano anapewa wa chini, matatu wa chini kushoto, na moja wa chini kulia. Jirani wa kulia naye alikuwa na 100 zake. Akiongezewa mafungu saba anafika karibu 144, anavuka nusu, anawashwa. Ila kuwashwa ni 255, na yeye alistahili 144 tu, kwa hiyo amezidisha 111, na hiyo nayo inawageukia majirani zake kwa kupunguziwa. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa picha. Mtaa mzima unaishi kwa mikopo, lakini ukijumlisha, mwangaza wa eneo unalingana na ule wa picha ya asili. Jicho lililo mbali linachanganya taa zilizowaka na zilizozimika, linaona kivuli, linaona shavu, linaona mtu.

Neno la maana hapo ni mbali. Njia ya Floyd na Steinberg inahitaji nukta nyingi na umbali wa kutosha ili jicho lisizihesabu. Kona ya kinyozi ilikuwa na nukta 16 kwa 16, yaani 256, na wateja wanasimama chini ya bango. Matokeo yalikuwa uso wenye vipele vyekundu kuanzia kipajini hadi kidevuni. Mama watoto alipopita kuchukua pesa ya matumizi aliinua macho, akatulia kidogo, akasema: "Fundi, mume wangu umempa surua."

Fundi alijitetea kwamba ukivuka barabara na kusimama karibu na kituo cha daladala, sura inakaa sawa. Ni kweli kabisa. Abiria wa daladala walimwona kinyozi vizuri kuliko wateja wake. Mwisho uso uliondolewa, ukawekwa mkasi na kitana, na picha hizo mbili hazikubadilishwa kutoka kokote. Fundi alizichora nukta kwa nukta, na hadi leo zinapendeza.

Wakongwe wa biti moja walijua hilo. Kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984 ilikuwa na skrini ya pikseli 512 kwa 342, kila moja ama nyeusi ama nyeupe, na Bill Atkinson wa kampuni ya Apple alitengeneza namna yake ya kugawa deni. Yeye analikata mafungu manane, anawagawia majirani sita fungu moja moja, na mafungu mawili anayasamehe. Robo nzima ya deni inafutwa. Mhasibu angekasirika, na kweli picha inapoteza undani kwenye giza totoro na kwenye mwanga mkali, lakini sehemu za kati zinatoka kali na safi kwenye skrini ndogo. Mtu anayekubali waziwazi kwamba hawezi kubeba kila kitu, akachagua cha kubeba, anatoa picha nzuri kuliko programu inayojaribu kubeba vyote.

Simu za kitochi nazo hazikumwaibisha mtu. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuwa na skrini ya pikseli 84 kwa 48, bila rangi hata ya kusingiziwa. Ujumbe wake wa picha ulikuwa na ukubwa wa 72 kwa 28, jumla pikseli 2,016, ambazo kwa biti moja moja ni baiti 252. Ujumbe mfupi mmoja unabeba baiti 140. Kwa hiyo ua moja la waridi lilihitaji kusafiri kwa zaidi ya ujumbe mmoja, na waliokuwa wachumba wakati ule wanakumbuka salio lilivyokwenda na maua. Lakini ua lilifika likiwa ua. Lilichorwa kwa ajili ya skrini ile ile, na mtu aliyejua ana nukta ngapi mkononi. Hakuna aliyetarajia Nokia 1100, simu iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, imwonyeshe bibi harusi.

Bibi harusi ndiye aliyemwingiza matatizoni mwanafunzi mmoja wa uhandisi, kijana wa Morogoro, aliyeamua kumpa shangazi yake zawadi ya fremu ya picha ya kielektroniki aliyoiunda mwenyewe. Binti wa shangazi alikuwa ameolewa karibuni na picha zilikuwa nyingi. Kijana alinunua kioo kidogo cha inchi 2.8, pikseli 240 kwa 320, aina ambayo wanafunzi wa elektroniki wanaifahamu kuliko sura za wahadhiri wao. Alikiunganisha na Arduino Uno, bodi ndogo ya kujifunzia yenye kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048. Picha moja kwenye kioo kile, kwa biti 16 kila pikseli, ni baiti 153,600. Picha haiwezi kuingia yote kwa pamoja, hata kwa kusukumana. Inasomwa kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu kidogo kidogo, mstari kwa mstari, na kila hatua ina mtego wake.

Mtego wa kwanza ni kwamba faili la picha la aina ya BMP kwa kawaida huandikwa kuanzia mstari wa chini kabisa kwenda juu. Kijana alisoma kuanzia mwanzo, akaonyesha kuanzia juu. Harusi nzima ikasimama kwa vichwa: maharusi, wapambe, keki ya ghorofa tatu.

Akageuza. Kisha akaona picha inabana ukingoni, akapunguza upana wake kwa pikseli moja, zikabaki 239. Bila kujua, alikanyaga mtego wa pili. Kwenye BMP ya biti 24, kila mstari lazima uwe na baiti zinazogawanyika kwa nne. Pikseli 239 zenye baiti tatu tatu ni 717, hazigawanyiki, kwa hiyo faili linajaziwa baiti tatu tupu mwishoni mwa kila mstari ili zifike 720. Asiyeziruka anazihesabu kuwa pikseli, na kila mstari unasogea pembeni kwa nukta moja kuliko uliotangulia. Mistari 320, nukta 320. Maharusi wakalala mshazari, kichwa cha bwana harusi kikatokea upande mmoja na viatu vyake vikaingilia upande wa pili.

Mtego wa tatu ulihusu rangi yenyewe. BMP inaandika bluu kwanza, kisha kijani, kisha nyekundu. Kijana alisoma kwa mpangilio anaoujua kila mtu, nyekundu kwanza. Ngozi ya kahawia ina nyekundu nyingi na bluu kidogo. Hizo mbili zikibadilishana viti, ngozi inakuwa bluu ya kijivu. Ukoo wote, pande zote mbili, ukawa wa bluu, na mshenga akawa wa bluu kuliko wote.

Ili kutafuta kosa, aliweka bendera ya Tanzania, kwa kuwa rangi zake anazijua tangu chekechea. Hili ni jaribio zuri na linafaa kuigwa, ila bendera hiyo inadanganya kwa ustadi. Kijani kipo katikati ya zile rangi tatu, hakiguswi na mabadilishano, kinabaki kijani. Nyeusi inabaki nyeusi. Ile bluu ya pembeni inakuwa manjano ya haradali, na ile mistari miwili ya manjano inayobana mweusi inakuwa bluu ya anga. Bendera bado ina kijani, nyeusi, manjano na bluu, rangi zile zile nne, ila mbili zimehama nyumba. Rafiki wa kijana aliitazama akasema iko sawa. Mkenya angegundua mapema zaidi, maana ile nyekundu ya katikati ingemtokea bluu na hakuna wa kuificha.

Alipomaliza hilo akakumbana na baiti zilizotangulizana vibaya. Biti 16 za pikseli hutumwa kwenye kioo kwa baiti mbili, na kioo kile kinataka baiti kubwa itangulie. Ukianza na ndogo, nyekundu safi inatokea bluu, kijani safi kinatokea nyekundu ya kuelekea waridi, na manjano yanatokea zambarau. Nyeusi na nyeupe zinapona, kwa sababu mbele na nyuma yake ni sawa. Fundi anayeona nyeupe iko sawa na nyeusi iko sawa lakini majani ya mgomba ni mekundu hana haja ya kuomba ushauri. Abadilishe baiti.

Basi, hatimaye picha ikakaa wima, ikanyooka, watu wakarudi rangi zao. Kijana akaipeleka zawadi. Shangazi aliifungua, akafurahi, akapiga vigelegele viwili, kisha akaisogeza karibu na macho.

"Baba, mbona kanzu ya mkwe wangu imeota ukungu?"

Na ilikuwa imeota. Kwenye mikunjo ya kanzu nyeupe, pale penye vivuli vya kijivu, palionekana michirizi ya kijani hafifu ikipokezana na ya waridi. Chanzo ni mgawanyo wa zile biti 16. Rangi ni tatu, na 16 haigawanyiki kwa tatu. Ukitoa tano kwa kila moja zinatumika 15, na moja inabaki haina mwenyewe. Waliopanga mfumo huo waliipa kijani, kwa sababu jicho la binadamu linatambua tofauti za mwangaza kwenye kijani kuliko kwenye nyekundu au bluu. Uamuzi wenyewe ni wa busara. Ila sasa kijani kina ngazi 64 na wenzake wana 32, na kijivu, ambacho kinataka rangi zote tatu ziwe sawasawa, hakipati usawa huo. Kijivu cha 100 kikipunguzwa kwa kukata biti za mwisho na kurudishwa, kinatoka nyekundu 99, kijani 101, bluu 99. Tofauti ni ndogo, lakini inarukaruka kutoka kivuli hadi kivuli, upande huu kijani kimezidi, upande ule kimepungukiwa, na kanzu ni nguo ya vivuli vitupu.

"Shangazi, ni biti moja ya kijani imezidi."

"Biti gani tena? Mtoe mwenzio huo ukungu."

Dawa yake ilikuwa ile ile ya kinyozi, na safari hii ilifanya kazi. Kijana alizipitisha picha kwenye kompyuta kwanza, akagawa deni la Floyd na Steinberg kwa kila rangi peke yake, ndipo akazishusha hadi biti 16. Pikseli 76,800 kwenye kioo cha inchi 2.8 zinasongamana kiasi kwamba jicho haliwezi kuzihesabu. Kanzu ikatakata. Anga ya machweo nyuma ya maharusi, iliyokuwa imekatika mistari mistari kwa kukosa ngazi za kati, nayo ikalainika. Shangazi haamini mpaka leo kwamba hakuna mtu aliyefua.

Maskini kijana angalau alijua kioo chake kina biti 16, kwa kuwa iliandikwa. Wanunuzi wengi hawaambiwi. Kuna vioo vingi vya bei nafuu vyenye biti sita tu kwa kila rangi, yaani rangi 262,144, ambavyo hupepesa haraka kati ya rangi mbili za jirani ili jicho lidhani limeona ya katikati. Ni ujanja halali, na mara nyingi hauonekani. Zamani ulijulikana kwa tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi: rangi milioni 16.2 badala ya milioni 16.7. Ile nusu milioni iliyopungua ndiyo siri yote. Mwaka 2007 wanunuzi wawili wa kompyuta za MacBook waliifungulia Apple kesi huko California, wakidai walitangaziwa mamilioni ya rangi na kuuziwa kioo cha biti sita kila rangi. Mtu anaweza kuwacheka kwa kuhesabu rangi, lakini anayehesabu chenji dukani hachekwi.

Wabunifu wa tovuti waliwahi kuumizwa na hesabu hizo hizo. Miaka ya 1990, kompyuta nyingi zilipokuwa na rangi 256 tu, walikariri orodha ya rangi 216 zilizosemekana kuwa salama kila mahali: ngazi sita za nyekundu, mara sita za kijani, mara sita za bluu. Mwaka 2000 wabunifu wawili, David Lehn na Hadley Stern, wakazijaribu kwenye mashine mbalimbali, zikiwemo za biti 16, na zilizobaki salama kweli zilikuwa 22. Watu walikuwa wamechora biashara za wateja wao kwa miaka kadhaa wakikwepa rangi za hatari, kumbe karibu zote zilikuwa za hatari.

Lakini hakuna mkasa wa rangi uliotikisa watu wengi kwa siku chache kama ule wa mwisho wa Mei 2020. Mpiga picha mmoja alikuwa amepiga machweo kwenye Ziwa Saint Mary, katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, jimbo la Montana, Marekani. Milima, mawingu, maji yametulia, picha ya kutundika ukutani. Ilipowekwa kuwa mandhari kwenye baadhi ya simu za Samsung na za Pixel zenye Android 10, simu ilizimika skrini, ikawaka, ikazimika, ikawaka, bila kukoma. Haikuwa virusi. Picha ilihifadhiwa kwa mfumo wa rangi mpana kuliko ule wa kawaida wa simu, na programu ya simu, ilipojaribu kuugeuza na kupima mwangaza wa kila nukta, ilipata kwenye nukta fulani jibu linalozidi 255. Jedwali la kupokea majibu lilikuwa na nafasi 256, kuanzia 0 hadi 255. Jibu likakosa kiti, programu ikaanguka, simu ikaiwasha upya, programu ikaikuta picha ile ile inaisubiri.

Hulka ya binadamu ilijidhihirisha palepale. Onyo lilisambaa mitandaoni likiwa na picha yenyewe imeambatanishwa: msiiweke hii. Watu wakaiweka. Wengine waliandika kwamba walitaka kuhakikisha. Waliokuwa na bahati waliingia kwenye hali salama ya simu na kuiondoa, wengine ilibidi wafute kila kitu, picha za watoto na namba za wadeni wao. Toleo lililofuata la Android halikuwa na tatizo hilo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ukienda kwa fundi wa bango, wa fremu au wa skrini ya ukumbini, muulize kwanza kioo chake kina nukta ngapi na kila nukta ina rangi ngapi, kabla ya kulipa hiyo nusu. Piga picha jua likiwa usoni, lisiwe mgongoni. Usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu itakuwa imeshakamuliwa kabla fundi hajaigusa. Itume kama faili. Mwombe agawe deni badala ya kukata kwa nusu. Na nakala ya asili, ile ya biti 24, usimwachie yeye peke yake wala usiihifadhi juu ya ile iliyopunguzwa. Picha iliyoshushwa hadi biti moja ukiirudisha kwenye biti 24, faili litanenepa mara 24, na ndani yake zitabaki rangi mbili.